Unga wa kapsuli na kidonda cha simbilisi

SWALI: "Wanangu wanafuga simbilisi wawili, dume na jike. Jike amezaa mara mbili na tumegawa watoto mpaka majirani wametukimbia. Tumepanga dume ahasiwe Alhamisi ijayo. Shemeji yangu, aliyefuga mbwa miaka mingi, anasema dume asile kitu tangu jioni ya kuamkia upasuaji. Akirudi nyumbani nifungue kapsuli ya amoksilini nimmwagie unga kwenye kidonda, na nyingine nimkorogee kwenye maji ya kunywa. Kapsuli ninazo, zilibaki mtoto alipougua tonsesi. Nifanye hivyo?" Mama wa watoto watatu, Arusha.

JIBU: Hapana kwa ushauri wa kwanza, na hapana kubwa zaidi kwa ule wa pili.

Shemeji hana nia mbaya. Anachosema husikika kliniki karibu kila anapoletwa mnyama mdogo kushonwa au kukamuliwa jipu. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki unga wa kapsuli ndiyo huduma ya kwanza: mtoto akianguka na baiskeli, kapsuli inafunguliwa, jipu likipasuka, kapsuli, mbuzi akichanwa na seng'enge, kapsuli tena. Kidonda kikikauka sifa zote huenda kwa unga, ingawa vidonda vingi vya aina hiyo vingekauka vyenyewe kwa maji safi na sabuni. Kwa mbuzi, hasara ni kapsuli iliyopotea bure. Kwa simbilisi, hasara ni simbilisi mwenyewe.

Mnyama huyu anaishi kwa nyasi, na nyasi hazimeng'enywi na tumbo lake peke yake. Kazi kubwa hufanywa na bakteria waliojazana katika mfuko mpana ulio mwanzoni mwa utumbo mkubwa, mfuko unaobeba sehemu kubwa ya chakula chote kilichomo tumboni. Hao ndio wapishi wake. Amoksilini, ampisilini na penisilini nyingine zinapomezwa huwaua wapishi hao na kumwachia jiko bakteria mwingine, Clostridium difficile, ambaye akikosa wa kumzuia huzaana haraka na kumwaga sumu. Simbilisi huacha kula, manyoya yake husimama, mwili hupoa, wengine huharisha, kisha hufa. Klindamisini, linkomisini na erithromisini, ambazo nazo hupatikana madukani, zina hatari hiyohiyo.

Kinachowapoteza watu ni siku. Simbilisi aliyelamba amoksilini hafi palepale. Huweza kuonekana mzima kwa siku mbili tatu, kidonda kikavu, kila mtu akijipongeza, halafu anaanza kujikunja pembeni ya boksi. Siku hiyo hakuna anayekumbuka kapsuli ya juzi. Kinachokumbukwa ni kisu. "Daktari ameniulia mnyama," watu husema, na unga unabaki kabatini ukimsubiri mwingine.

Si jambo jipya hata kidogo. Mei 1940, mjini Oxford, Howard Florey na wenzake waliwachoma panya wanane bakteria wa kuua, wakawapa wanne penisilini. Wanne waliokosa dawa walikufa usiku uleule, na jaribio hilo ndilo lililofungua njia ya penisilini kuwafikia wagonjwa. Mwaka 1943 watafiti wakaijaribu kwa simbilisi, nao wakafa kwa dozi ambazo panya walizistahimili. Lau kikosi cha Oxford kingeanza na simbilisi badala ya panya, huenda dawa hiyo ingetupwa kama sumu. Zimepita zaidi ya miaka 80 tangu jambo hilo lijulikane, na bado kapsuli zinafunguliwa juu ya vidonda vya simbilisi.

Wapo wanaojitetea kwamba hawamnyweshi, wanampaka tu juu. Kidonda cha dume aliyehasiwa kiko chini ya tumbo, mahali anapopafikia kwa ulimi bila taabu, na simbilisi hujisafisha mwili mara nyingi kwa siku. Kilichomwagwa pale saa mbili asubuhi kitakuwa tumboni kabla ya saa tatu. Kukoroga dawa kwenye maji ni kosa juu ya kosa, kwa sababu hata dawa iliyo salama hubadilisha ladha ya maji, mnyama akayakataa, akabaki na kiu wakati anapohitaji maji zaidi.

Zipo dawa za bakteria anazoweza kupewa. Daktari akiona haja, mara nyingi huchagua enrofloksasini au mchanganyiko wa trimethoprimu na salfa, kwa kipimo cha uzito wa mnyama huyo. Muuzaji wa duka la dawa hakufundishwa kukadiria kipimo cha mgonjwa wa gramu 900. Na mwenye mnyama ana haki ya kuuliza jina la kila dawa inayoingia mwilini mwa simbilisi wake, hata kliniki, hata kama daktari atakunja uso. Wataalamu wengi wa eneo hili, wawe wamesomea Sokoine kule Morogoro au Kabete jijini Nairobi, siku zao huishia kwa ng'ombe, kuku na mbwa. Kumuuliza daktari kwa adabu, "Umewahi kuhasi sungura au simbilisi?" si utovu wa heshima. Akisema hapana, aombwe amtaje mwenzake aliyewahi.

Sasa suala la kumnyima chakula. Binadamu na mbwa hufungishwa kabla ya nusukaputi kwa sababu wanaweza kutapika wakiwa usingizini, na matapishi yakaingia mapafuni. Simbilisi hawezi kutapika, hakuumbiwa hivyo. Utumbo wake hutegemea chakula kiingie mchana na usiku ili kilichotangulia kisogee. Ukimnyima usiku kucha, utumbo hupunguza mwendo, gesi hujaa, na mwili huanza kuchoma mafuta kwa kasi inayoweza kulemea ini. Anafika mezani akiwa mgonjwa tayari. Kwa hiyo dume wa Arusha ale hei na anywe maji usiku wa Jumatano, na Alhamisi asubuhi aendelee kula njiani. Baadhi ya madaktari huondoa chakula saa moja au mbili kabla ya dawa ya usingizi, kwa kuwa simbilisi ana tabia ya kubakiza mabaki ya majani mdomoni. Hilo huamuliwa kliniki, na wenyewe wataufuta mdomo. Nyumbani hakuna kufunga.

Mfuko wake wa safari uwe na hei ya kutosha, mboga anazozizoea na chakula chake cha punje. Kliniki nyingi hazina hata ujani mmoja wa kumpa akizinduka, na kula mapema ndiko kunakouwasha tena utumbo.

Zimebaki siku chache, nazo zina kazi. Apimwe kila asubuhi kwa mizani ya jikoni na gramu ziandikwe, kwa sababu baada ya upasuaji namba hiyo itasema ukweli kabla macho hayajaona kitu. Akipiga chafya, akitoa makamasi au pumzi yake ikisikika, safari iahirishwe. Nusukaputi na mapafu mabovu haviendi pamoja. Apewe pia vitamini C. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kuitengeneza mwilini, jambo lililojulikana baada ya Wanorwe Axel Holst na Theodor Frølich kuwalisha simbilisi nafaka tupu na kuona wakiugua kiseyeye, mwaka 1907. Bila vitamini hiyo kidonda hakifungi vizuri. Kipande cha pilipili hoho kila siku ni chakula na dawa kwa pamoja, na hakihitaji cheti.

Upasuaji wenyewe hauna cha kumkosesha mama usingizi. Korodani mbili huondolewa, na kwa kuwa simbilisi dume ana njia iliyo wazi kutoka tumboni hadi kwenye korodani, daktari huiziba ili utumbo usiteremkie humo. Mengine ni ya mshonaji.

Akirudi nyumbani, maranda ya mbao yaondolewe. Vumbi lake hunata kwenye kidonda, na kidonda hiki hukaa sakafuni kila anapokaa mwenyewe. Alazwe juu ya taulo safi linalobadilishwa kila likilowa, chumba kiwe na joto la wastani, na asiogeshwe. Kwa siku kama 10 mpaka 14 kidonda kikaguliwe asubuhi na jioni: wekundu kidogo na uvimbe mdogo wa siku za kwanza ni kawaida, lakini kivimbe kigumu kinachokua, harufu, au nyuzi zilizoachia si kawaida. Usaha wa simbilisi ni mzito kama mtindi ulioganda, haukamuliki kwa vidole, na kuminya nyumbani huusukuma ndani zaidi. Majivu, spiriti, mafuta ya taa na dawa ya meno vibaki vilipo. Vivyo hivyo Panadol na dawa nyingine za maumivu za watu; atoke kliniki na dawa ya maumivu aliyopimiwa yeye, kwa sababu simbilisi mwenye maumivu hali, na simbilisi asiyekula ana tatizo kubwa kuliko kidonda.

Asipotaka kula mwenyewe, chakula cha punje huloweshwa mpaka kiwe uji laini, akalishwa kwa bomba dogo lisilo na sindano, kupitia pembeni ya mdomo, kidogokidogo, akiwa amesimama kwa miguu yake. Asilazwe chali. Kliniki ikionyesha namna ya kufanya siku ya kumchukua, aliyekuja naye asikilize badala ya kuchezea simu.

Na hapa ndipo wengi wanapomkosea mnyama. Simbilisi huficha ugonjwa. Porini anayeonekana dhaifu ndiye huliwa wa kwanza. Akifikia kuonekana amezubaa, amekwisha kuugua kwa saa nyingi. Kwa hiyo kanuni ni ya saa: saa 12 bila kula au bila vinyesi vipya boksini, anarudi kliniki, iwe Jumapili, iwe mvua, iwe mgeni amefika. "Tumwangalie mpaka kesho" ni sentensi ambayo madaktari wa wanyama wadogo wameichoka, kwa sababu wanaletewa huyo wa kesho akiwa baridi, tumbo limejaa gesi, na wenyewe wakiuliza kwa nini dripu haikusaidia. Mpango wa usafiri na namba ya daktari wa usiku vitafutwe kabla ya Alhamisi, si Ijumaa saa nne usiku.

Watu wengine wataona haya yote ni makuu kwa mnyama ambaye kwingine ni kitoweo. Katika vijiji vya Kivu ya Kusini familia nyingi humfuga kwa nyama na mbolea. Uswisi, kwa upande mwingine, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2008 inakataza kumfuga simbilisi peke yake, kwa kuwa ni mnyama wa kundi. Kumhasi dume ili aishi na jike bila kuongeza familia ndiyo njia nyepesi ya kumpa mwenzake. Kumfunga uzazi jike ni upasuaji mkubwa zaidi. Anayetaka kuhasi madume wawili ili waache kupigana, hata hivyo, asitarajie mengi. Ugomvi wao mara nyingi hubaki vilevile, na nafasi ya kutosha husaidia kuliko kisu.

Turudi Arusha, kwenye jambo ambalo barua haikuliuliza. Dume aliyehasiwa hageuki tasa siku hiyo. Mbegu zilizokwisha kutengenezwa hubaki kwenye mirija kwa wiki kadhaa, kwa hiyo akae mbali na jike kwa wiki sita kamili, katika boksi la pili lililotengwa kwa wavu ili waendelee kuonana na kunusana. Jike naye ameishi na dume mpaka leo, na anaweza kupata mimba nyingine saa chache tu baada ya kuzaa. Mimba ya simbilisi huchukua kati ya siku 59 na 72. Watoto wakizaliwa miezi miwili baada ya Alhamisi, daktari hakukosea, na dume asirudishwe mezani: mimba hiyo ilikuwapo kabla ya kisu.