Duka la Kando ya Ziwa

Ninyi watoto wa Ariwara mnalijua soko lenu kubwa. Watu wa Uganda na wa Sudani ya Kusini hufika huko kuuza na kununua. Lakini si kila kijiji kina soko kama lile. Leo tushuke kwa mawazo mpaka Ziwa Albert, penye vijiji vya wavuvi kama Kasenyi, chini ya milima, upande wa Bunia.

Mvuvi hawezi kazi pasipo duka. Humo hununua nyuzi za nyavu, ndoana, mafuta ya taa, na zaidi ya yote, chumvi. Samaki asiyetiwa chumvi wala kukaushwa huoza upesi kwa joto la ziwani. Duka likifungwa, kazi ya usiku kucha hupotea.

Zamani Wagiriki na wageni wengine walikuwa na maduka mengi katika Ituri. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa wenyeji. Wengi waliopewa maduka waliuza vitu vilivyokuwamo, wakala fedha yote, wasinunue vingine. Rafu zikabaki tupu. Tena vita vilivyoanza Ituri mwaka 1999 vikaharibu maduka mengine.

Je, duka lililokufa laweza kufufuka? Ndiyo, likitunzwa kwa akili. Fanyeni hesabu hii. Mwenye duka anunua chumvi kwa franka 10.000, aiuza kwa 12.000. Faida yake ni 2.000 tu; zile 10.000 ni mtaji. Akila 5.000, abaki na 7.000 za kununua chumvi. Akiiuza hiyo apata 8.400. Akila tena 5.000, abaki na 3.400. Mara ya tatu hata hizo 5.000 hazitapatikana. Duka limekufa tena, wala hakuna mwizi aliyeingia.

Mmoja akikosa mtaji, wengi wauchange. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji maskini, walichanga fedha kidogo kidogo. Wakafungua duka dogo la unga, siagi, sukari na mishumaa. Sheria zao zilikuwa hizi: hakuna kukopesha, mizani iwe ya haki, faida igawiwe kila mwenzao kadiri alivyonunua. Leo vyama vya ushirika vya namna hiyo vimeenea duniani.

Wahenga walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Nasi Wakristo twajua kwamba kupunja watu kwa mizani ni wizi, nao wakatazwa na amri ya saba.

Maswali
1. Kwa nini mvuvi ahitaji chumvi?
2. Sabuni imenunuliwa kwa franka 6.000, ikauzwa kwa 7.500. Faida ni ngapi? Mwenye duka akila 3.000, abaki na ngapi?
3. Taja sheria tatu za duka la Rochdale.