Chai Moto Kupindukia: Je, Kikombe cha Betri Kitakufaa?

Wagonjwa kadhaa wameniuliza ikiwa inafaa kuagiza kile kikombe cha betri kinachodumisha joto la chai. Kile cha kampuni ya Ember ya Marekani huuzwa huko kwa zaidi ya dola 100. Mnywaji huchagua joto, baina ya nyuzi 50 na 62 hivi za Selsiasi, na kikombe hulishikilia kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo kabla ya betri kuisha.

Wengi hukitaka ili chai isipoe. Daktari ana wasiwasi tofauti: chai hiyo inanywewa ingali moto kiasi gani?

Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda husababisha saratani ya umio, yaani mfereji unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kosa si la majani ya chai wala kahawa. Ni la joto lenyewe, ambalo huunguza utando wa ndani mara kwa mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watu zaidi ya 50,000 katika mkoa wa Golestan, Iran, ulionyesha hatari hiyo ikiongezeka hata kuanzia nyuzi 60 kwa wanaokunywa chai nyingi kila siku.

Nasi hatuko mbali na balaa hili. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imetibu wagonjwa wengi wa saratani hiyo, wengine wakiwa hawajatimiza miaka 30. Pombe na tumbaku pia huchangia.

Sasa mtazame mchuuzi wa Kariokor alfajiri. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi. Chai ya maziwa hutoka jikoni ikitokota, ikatiwa kwenye chupa ya chai, na baada ya saa mbili bado inaweza kuunguza. Mteja huinywa wima, haraka haraka, kabla wanunuzi wa viondo hawajafika. Chupa yenyewe haina kosa, na kwa kweli ni chombo bora cha kuhifadhi. Kosa ni kumimina na kunywa papo hapo.

Kwa hivyo, kile kikombe cha betri hakidhuru, na ukikiweka kwenye nyuzi 55 kitakulinda. Lakini mimi singekinunua. Mimina chai kutoka kikombe kimoja hadi kingine mara nne au tano, kama wafanyavyo mama zetu, au iache wazi ipoe kwa dakika kumi. Ikiwa bado unalazimika kuipuliza na kuivuta kwa mfyonzo, hiyo haijawa tayari. Watoto wapewe uji wa vuguvugu tu, na chupa iwekwe mbali nao, maana majeraha ya kuungua kwa chai ni mabaya sana.

Jambo moja msilichelewesha. Mtu akianza kuhisi ugali au nyama ikikwama kifuani, akalazimika kusukuma kila tonge kwa maji, huku akikonda, asinunue dawa ya kiungulia dukani. Aende hospitali apimwe umio kwa kamera wiki hiyo hiyo.