Anayemlinda Mgonjwa Naye Apumzike

Mgonjwa akifika hospitalini hupewa kadi. Jina lake laandikwa, na umri wake, na joto la mwili, na dawa alizopewa asubuhi na jioni. Lakini yule aliyekuja naye, aliyebeba sufuria na mkeka na fungu la kuni, hana kadi. Hakuna anayempima joto. Hata hivyo kazi yake si ndogo. Katika hospitali zetu za Maniema ndiye apikaye, afuaye, atekaye maji, amgeuzaye mgonjwa kitandani, aendaye mjini kutafuta dawa, na alalaye sakafuni karibu na kitanda akisikiliza pumzi za mwenzake. Hapa Kindu twamwita garde-malade, yaani mlinzi wa mgonjwa. Somo hili ni lako wewe mlinzi, ukiwa hospitalini au ukiwa unauguza nyumbani.

Huenda wasema, "Mimi si mgonjwa. Yeye akipona, nitapumzika." Wauguzi hulisikia neno hili kila siku. Ni neno la upendo, lakini si hesabu njema, maana magonjwa mengine hayana mwisho wa karibu. Kifua kikuu kwa kawaida hutibiwa miezi sita, bila kuruka siku. Mtu aliyepooza upande mmoja kwa sababu ya tensio aweza kuhitaji kushikwa mkono miaka mingi. Na mtoto mwenye ugonjwa wa damu tuuitao SS amezaliwa nao. Maumivu ya mifupa yatamrudia tena na tena, hasa akipungukiwa na maji mwilini, au akipigwa na baridi, au akishikwa na homa. Mama wa mtoto huyu akisema atapumzika ugonjwa ukiisha, atangoja mpaka lini? Pumziko lake lapasa kuwa ndani ya kazi yenyewe, kama chumvi ilivyo ndani ya sombe.

Tuangalie kwanza mwili wafanya nini. Ukipita njia ya shamba upande wa Alunguli, na ghafula ukaona nyoka mbele yako, moyo wapiga mbio. Pumzi inakuwa fupi, misuli yakaza, njaa na usingizi vyatoweka. Mwili umejitayarisha kukimbia. Jambo hili ni jema, maana laokoa uhai. Nyoka akiisha kuingia majanini, baada ya kitambo moyo watulia, nawe waendelea na safari. Lakini mlinzi wa mgonjwa ana nyoka asiyeondoka. Kila kikohozi cha usiku chamshtua. Kila karatasi ya dawa yamshtua, maana fedha ni chache. Mwili ukikaa hivyo majuma mengi huchakaa. Kichwa chauma, mgongo wauma, tumbo lavurugika, tensio yaweza kupanda, mtu asahau alichotumwa. Tena hukasirika kwa neno dogo. Siku moja amkemea mgonjwa kwa sababu amemwaga uji, kisha aenda nyuma ya jiko kulia. Ndugu, ukijiona hivyo, usidhani kwamba upendo wako umekufa. Umechoka.

Mwaka 2000 wachunguzi wa Australia na New Zealand walieleza habari za watu waliowapima. Waliokaa macho saa 17 mpaka 19 walikuwa wazito na wenye makosa, kama watu waliokunywa pombe. Sasa fikiri. Mlinzi aliyeamka kabla ya jogoo, na usiku wa manane bado yu macho, ndiye anayehesabu vidonge vya mgonjwa kwa mwanga wa simu. Tungekubali mlevi ahesabu dawa za mtoto? Kwa hiyo mlinzi anapolala hamwibii mgonjwa kitu. Usingizi wake ni sehemu ya matibabu.

Mtu mzima ahitaji kulala saa saba au zaidi katika usiku mmoja. Peke yako hutazipata, ila kwa zamu. Na hapo ndipo penye taabu, maana ndugu huja na matunda, husimama kitandani kitambo, husema "pole", kisha huenda. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usioubeba huuona mwepesi. Si kwamba ndugu wote hawana huruma. Wengi hawajui wafanye nini, na wewe hukuwaambia. Ukisema tu, "Nisaidieni," kila mmoja hungojea mwingine. Afadhali mtu mmoja, kazi moja, siku moja. Mwambie shemeji yako, "Shemeji, siku ya posho usiku ulale hapa wewe. Mimi nitavuka kwenda nyumbani, nitarudi asubuhi na uji." Mwambie binti wa dada yako, "Mwanangu, kila ukitoka shule pitia hapa, ufue vikwembe viwili." Mtu akiulizwa hivi, ni vigumu akatae. Na mkiwa wawili kila usiku, mmoja alale tangu jua kuzama mpaka katikati ya usiku, ndipo abadilishane na mwenzake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, na kazi hiyo ni ya aliye macho. Mshikeni kwa kikwembe kilichokunjwa chini yake, mkunje magoti yenu, msimvute kwa mikono; mgongo wenu nao una thamani.

Wanaume, neno hili lawahusu pia. Katika vyumba vingi vya wagonjwa twawaona akina mama tu juu ya mikeka. Mwanamume aweza kuchota maji, aweza kumlisha baba yake, tena aweza sana kukaa macho. Wako wanaokesha usiku mzima matangani. Basi wakeshe na yule aliye hai.

Liko jambo moja ambalo wake wengi hawalitamki mbele ya watu. Mke aogopa kuondoka hata kwa nusu siku, kwa kuwa ndugu wa mume watasema, "Amemtupa." Na mume akifa wakati mke hayupo, maneno yatakuwa mabaya zaidi, pengine hata mali na watoto vitatajwa. Hofu hii si upuzi. Tumeona nyumba zikivunjika kwa ajili yake. Basi usiondoke kimya. Kabla ya kwenda, mwambie mkubwa wa ukoo wa mume wako mbele ya mtu wa tatu: naenda nyumbani kuoga na kulala, fulani amekaa mahali pangu, nitarudi wakati fulani. Mwambie na mwuguzi wa zamu, na mgonjwa mwenyewe umwambie, ukimshika mkono. Kisha rudi kwa wakati uliousema. Ukifanya hivyo mara mbili tatu, watu watazoea. Ninyi wakwe, mkimwona amekonda na macho yamekuwa mekundu, mwambieni ninyi wenyewe aende. Neno la ruhusa kutoka kwenu lafaa kuliko dawa nyingi.

Sasa mapumziko madogo ya mchana, ambayo hayaombi ruhusa ya mtu.

La kwanza ni pumzi. Kaa, nyayo zote mbili chini. Vuta hewa polepole kwa pua, ukihesabu mpaka nne, tumbo lijae. Kisha itoe polepole zaidi, ukihesabu mpaka sita, kama mtu apulizaye uji wa moto bila kuumwaga. Fanya hivyo kwa muda wa dakika tano. Sababu yake ni hii: mtu akitoa pumzi, moyo hupunguza mwendo kidogo, pumzi ikitoka kwa urefu, mwili waelewa kwamba nyoka amekwenda zake. Ukisikia kizunguzungu, umevuta kwa nguvu mno; rudia pumzi yako ya kawaida. Waweza kufanya hivi ukingoja zamu ya kupimwa, au ukiwa ndani ya mtumbwi ukivuka Lualaba.

Mawazo nayo hukimbia. Ukiwa hapa unapika, wao wamefika kaburini. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha picha mwaka 2020 kwa watu walio katika taabu, na jambo la kwanza lifundishwalo humo ni kujirudisha mahali ulipo. Bonyeza miguu chini. Nyosha mikono polepole. Jiulize: naona nini? Nasikia nini? Nasikia harufu gani? Waona moshi wa jiko, wasikia mchi wa jirani, wanusa samaki anayekaangwa kwa mawese. Huzuni haitaondoka kwa sababu hiyo, wala hatusemi itaondoka. Lakini kwa kitambo kidogo haikuburuti tena, nawe waweza kumaliza kupika bila kuunguza wali.

Kuoga ni pumziko. Kutembea dakika ishirini asubuhi kabla ya jua kali ni pumziko. Kuimba ni pumziko, hata kwa sauti ndogo, na wagonjwa wengi hupenda kusikia. Kuketi na mlinzi wa kitanda cha pili mkacheka jambo lililotokea sokoni, hilo nalo ni pumziko, wala si dharau kwa wagonjwa. Watu wengine hudhani anayeuguza asicheke. Sijui walilitoa wapi.

Ukipata nafasi mchana, mgonjwa amelala, nawe lala nusu saa. Vyombo vitangoja. Usiku tandika mkeka wako ndani ya chandarua, kwa maana mbu hawachagui aliye na kadi na asiye na kadi, na mlinzi akipata malaria kitanda kimoja kitakuwa viwili. Kahawa uinywe asubuhi; ya jioni hukaa mwilini saa nyingi na kufukuza usingizi hata zamu yako ya kulala ikifika.

Walinzi wengi hula masalio. Mgonjwa hupewa samaki, mlinzi hukwangua chungu. Ukipika, pakua sahani mbili kwa wakati mmoja: bugali au wali, na sombe au lengalenga, na maharagwe au kipande cha samaki, pande zote mbili. Kunywa maji safi mara nyingi. Na kama una dawa zako mwenyewe, za tensio au za sukari, usiziache kwa sababu fedha imekwenda kwa mgonjwa. Mwambie mganga kabla hazijaisha.

Eliya nabii, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme sura ya 19, alichoka hata akaomba kufa. Soma uone alivyosaidiwa. Hakuhubiriwa wala hakukemewa. Aliachwa alale, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, maana safari ilikuwa ndefu. Maneno yalikuja baadaye.

Wako wanaotafuta pumziko katika lotoko. Yaleta usingizi mzito, ndiyo, lakini mlinzi aliyelewa hasikii mgonjwa akiita, na asubuhi huamka amechoka kuliko jana. Tena lotoko iliyopikwa vibaya yaweza kupofusha macho, hata kuua. Kadhalika vidonge vya usingizi vinavyouzwa sokoni bila mganga: mtu huvizoea upesi, kisha hawezi kulala pasipo hivyo.

Mwisho, angalia dalili hizi ndani yako au ndani ya mwenzako wa mkeka wa jirani. Amepata nafasi ya kulala lakini kwa majuma mawili usingizi hauji. Analia kila siku, au hasikii kitu chochote, wala furaha wala huzuni. Hataki kula. Anamwinulia mgonjwa mkono. Au anasema kwamba ingekuwa afadhali yeye afe, au wafe wote wawili. Neno hilo la mwisho usilichukue kuwa mzaha, wala usimwambie anyamaze. Usimwache peke yake. Mwulize kwa upole kama amefikiri kujidhuru. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Ondoa dawa na visu karibu naye, kisha nenda naye kwa mwuguzi wa zamu, hata kama ni usiku wa manane. Yeye atampa kiti, na atamwandikia kadi.