Kutu Chini ya Rangi: Kufundisha Utaratibu wa Kazi kwa Mfano wa Gari Kuukuu

Utangulizi

Wakati mmoja tulikwenda kumtazama mwalimu mwanafunzi aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Somo lake lilikuwa kutu, darasa lilikuwa la sita. Aliandika ubaoni maana ya kutu, watoto wakaikariri kwa sauti moja mara tatu. Karibu na mwisho wa kipindi mtoto mmoja akauliza: je, kutu ikipakwa rangi inakwisha? Mwalimu, ambaye kengele ilikuwa imekaribia kulia, akajibu kwamba inakwisha, akafuta ubao. Nasi tuliokaa nyuma tukaandika katika karatasi zetu kwamba somo limekwenda vizuri.

Mtoto yule alikwenda nyumbani akaipaka rangi baiskeli ya babu yake, iliyokuwa imeliwa na kutu kwenye uma wa mbele. Ikang'aa kama mpya. Baada ya miezi michache uma ukakatika, naye akiwa amempakia mdogo wake. Waliumia, ingawa walipona. Tangu siku ile tumelifikiria jibu lile zaidi ya somo zima. Mwalimu hakukosa kwa nia mbaya. Alijibu kwa haraka jambo ambalo yeye mwenyewe hakupata kulijaribu, na sisi tulimsifu.

Madhumuni ya makala haya ni kupendekeza njia nyingine ya kulifundisha somo hilo, kwa jaribio na kwa mfano wa kazi moja kubwa: kufufua gari kuukuu la Kimarekani lililoliwa na kutu. Mfano huu watoka mbali, lakini tumeuchagua kwa sababu unaonyesha wazi mambo matatu: kwamba uharibifu hujificha, kwamba kazi ina mpangilio wake, na kwamba nguvu isiyo na kizuizi ni hatari.

Habari ambazo mwalimu hana budi kuzijua

Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kutia injini kubwa katika magari ya ukubwa wa kati. Mfano mashuhuri ni Pontiac GTO ya mwaka 1964, iliyopewa injini ya lita 6.4. Tarehe 17 Aprili 1964 kampuni ya Ford ikatoa Mustang, gari dogo zaidi lililopendwa na vijana. Magari ya namna hiyo yenye injini kubwa Wamarekani huyaita magari ya misuli. Enzi yao ilififia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu ya sheria za hewa safi, gharama za bima, na hatimaye shida ya mafuta ya mwaka 1973. Yaliyosalia leo hutafutwa na mafundi na wapenzi wa magari, ambao huyatengeneza upya na mara nyingi huyaongezea ubora kuliko yalivyotoka kiwandani.

Na tuichukue Mustang ya mwaka 1967 iwe mfano wetu. Gari hili halina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi lenyewe ndilo linalobeba uzito wote. Chini ya kioo cha mbele pana matundu ya kuingiza hewa. Majani hujikusanya humo, maji ya mvua hutuama, bati hutoboka, na maji hudondoka sakafuni chini ya zulia, mahali ambapo hapaonekani. Tena katika majimbo ya kaskazini, kama Michigan na Ohio, chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chuma, maji na hewa vikikutana hufanya kutu. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo kutu katika sakafu ya gari hili si waa la kuondolewa kwa urembo. Ni mfupa unaooza.

Mpangilio wa kazi ya fundi

Fundi mwangalifu hufuata hatua zifuatazo.

1. Kuchunguza. Huinua zulia, hulala chini ya gari, hugonga bati kwa bisibisi na kusikiliza. Hupitisha sumaku juu ya bodi: penye bati sumaku hunasa, penye puti nene chini ya rangi hainasi. Husoma pia namba ya gari, kwani herufi ya tano ya namba hiyo hueleza injini iliyotiwa kiwandani.

2. Kuandika. Kila kinachofunguliwa hupigwa picha, na skrubu zake hutiwa katika mfuko wenye jina.

3. Kutegemeza. Kabla ya kukata sakafu, bodi huwekwa sawasawa na kufungwa vyuma vya kulishikilia. Asipofanya hivyo bodi hupinda, na milango haitafunga tena.

4. Kukata na kuchomelea. Bati bovu hukatwa mpaka afikie chuma kizima, kisha bati jipya huchomelewa, maungio huzibwa, na rangi ya kwanza ya kuzuia kutu hupakwa.

5. Breki, usukani na tairi.

6. Injini.

7. Rangi ya mwisho.

Tuitazame hatua ya tano na ya sita, maana ndipo palipo somo kubwa. Mustang ya kawaida ya mwaka 1967 ilikuwa na injini ya silinda sita, lita 3.3, iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 120. Kiwanda chenyewe kiliuza pia Mustang za mwaka huo zenye injini ya lita 6.4 na nguvu za farasi 320. Basi mwenye gari la silinda sita huvutwa na tamaa ya kutia injini kubwa. Lakini gari likienda kwa mwendo maradufu, nishati ambayo breki hazina budi kuimeza huwa mara nne. Breki za ngoma za zamani hupata moto upesi na kulegea. Kwa hiyo fundi mwenye busara hutia kwanza breki za diski magurudumu ya mbele, huweka tairi za kisasa na mikanda ya usalama inayopita begani, ndipo anapofikiria injini. Tena injini za zamani zilitegemea madini ya risasi yaliyokuwamo katika petroli ili kulinda vikalio vya valvu. Marekani ilipiga marufuku petroli hiyo kwa magari ya barabarani kuanzia mwaka 1996, kwa kuwa risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa sababu hiyo fundi huweka vikalio vya chuma kigumu zaidi. Hapa watoto wataona kwamba kuboresha kitu si kukiongezea nguvu tu, bali ni kukifanya kifae kwa hali mpya.

Mpango wa somo

Tunapendekeza vipindi vitatu, vikiachiana kwa juma moja au zaidi.

Kipindi cha kwanza: jaribio. Vifaa ni misumari ya chuma isiyopakwa zinki, iliyooshwa kwa sabuni na kusuguliwa kwa msasa, na chupa sita zilizoandikwa A mpaka F.

A: msumari katika chupa kavu iliyozibwa.
B: msumari katika maji yaliyochemshwa, yakimiminwa yangali moto, kisha yakafunikwa kwa mafuta ya kupikia ili hewa isiingie.
C: msumari uliozama nusu katika maji ya kawaida.
D: msumari uliozama nusu katika maji ya chumvi.
E: msumari wenye kutu, uliopakwa rangi juu ya kutu, katika maji ya chumvi.
F: msumari wenye kutu, uliosuguliwa mpaka ukang'aa, ndipo ukapakwa rangi ile ile, katika maji ya chumvi.

Kabla ya kuziweka chupa rafuni, kila mtoto aandike anachotazamia katika kila moja. Mwalimu asimsahihishe yeyote. Chupa E na F ndizo jibu la swali la mtoto yule, na zahitaji siku nyingi kuliko nyingine. Mwalimu na alifanye jaribio lote peke yake majuma matatu kabla, ili ajue rangi yake na misumari yake inavyokwenda.

Kipindi cha pili: mpangilio. Mwalimu awasimulie watoto habari za gari, akichora ubaoni mchoro wa ubavu wake na njia ya maji kutoka kioo cha mbele mpaka sakafuni. Kisha kila kikundi kipewe kadi saba zenye hatua za fundi, zikiwa zimechanganywa, wazipange na kutoa sababu. Vikundi vingine vitaweka rangi mwanzo. Mwalimu asiwakatize, awaulize: "Mkipaka rangi leo, na kesho mchomelee bati ubavuni, rangi itakuwaje?" Kikundi kingine kitaweka injini kabla ya breki. Hapo aulize: "Nani atakayeliendesha kwanza, na atalisimamishaje?" Sababu ya mtoto ina thamani kuliko mpangilio sahihi aliounakili kwa jirani.

Kipindi cha tatu: kurudi nyumbani. Watoto wafungue chupa na kulinganisha waliyoyaona na waliyoyaandika. Kisha kila kikundi kikague kitu kimoja cha shule au cha jirani: jembe, bawaba ya mlango, bati la paa, baiskeli. Waandike taarifa fupi yenye mafungu manne: tulichokiona, kilichojificha, kinachofaa kufanywa kwanza, na kile ambacho hatuwezi kukifanya bila fundi. Fungu la nne lisiachwe hata kidogo. Mtoto aliyejifunza kusema "hiki ni cha fundi" amejifunza jambo kubwa.

Tahadhari

Watoto wasisugue rangi kuukuu ikiwa kavu, kwani rangi za zamani zaweza kuwa na risasi, na vumbi lake likivutwa ni sumu. Wasitazame moto wa kuchomelea kwa macho matupu. Kutu ya msumari ikwaruzwe kwa msasa uliolowanishwa maji, na mikono ioshwe.

Tathmini

Swali la "Kutu ni nini?" halitoshi, kwa kuwa laweza kujibiwa kwa kukariri. Afadhali mwalimu aulize: "Jirani amenunua baiskeli kuukuu iliyopakwa rangi mpya. Utamshauri aitazame wapi kabla ya kuipanda, na kwa nini?" Mtoto akitaja uma, maungio, na sehemu ambazo maji hutuama, somo limeingia.

Hitimisho

Mwisho, tujiangalie wenyewe. Darasa linalokariri kwa sauti moja laweza kuwa kama bodi lililopakwa rangi: latazamika vizuri, nasi wakaguzi twaridhika, kumbe chini yake mna matundu. Fundi hupitisha sumaku. Mwalimu huuliza swali ambalo jibu lake halimo ubaoni. Akiona tundu, asione haya kukata mpaka afikie chuma kizima, hata kama ni kurudi kwenye somo la mwaka uliopita. Na akiulizwa jambo asilolijua, kengele ikiwa inalia, jibu lipo nalo ni fupi: "Sina hakika. Kesho tutalijaribu pamoja." Lau mwenzetu yule angalijibu hivyo, na lau sisi tungalimsahihisha siku ile ile, uma wa baiskeli ungalionekana kabla ya kupakwa rangi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini fundi hutegemeza bodi kabla ya kukata bati bovu? Taja kazi nyingine ya mikono yenye kanuni kama hiyo.
2. Katika jaribio letu, chupa C ina kazi gani? Ingekosekana, tungeshindwa kujua nini?
3. Chagua somo moja ulilolifundisha katika mazoezi. Andika swali moja ambalo lingefichua kama watoto walielewa au walikariri tu.