Dau, Dila na Bima: Maneno ya Meza ya Karata 21

Mbalamwezi ikipevuka, uvuvi wa dagaa hulala. Ziwa zima linang'aa, taa za wavuvi hazina tena cha kuvutia, na mitumbwi huvutwa mchangani mpaka giza lirudi. Kwenye mialo ya Mwanza, siku hizo ndizo karata hutoka mifukoni: lasti kadi, arbastini, kelele nyingi, na aliyeshindwa ananunua soda.

Blekijeki, yaani karata 21, inatumia karata hizo hizo, lakini ni mchezo wa tabia nyingine. Hapa hakuna mwenzi wala jirani wa kumtania. Kila mchezaji anapambana na kasino peke yake, na anayeiwakilisha kasino ni mgawaji, ambaye wengi humwita dila. Siku hizi hata safari ya kwenda kasino si lazima. Dila anaonekana kwenye simu, akigawa karata kwa video usiku kucha. Ndiyo maana maneno ya meza hii yamewafikia vijana ambao meza yenyewe hawajawahi kuiona.

Mwanzo hauna ugumu. Kopa, uru, pau na shupaza, majina tuliyoachiwa na Wareno, hapa hayana kazi, wala hakuna turufu. Kinachohesabiwa ni namba. Karata ya 2 hadi ya 10 ina thamani iliyoandikwa juu yake, zenye picha zote ni 10, na ree ni 1 au 11, vyovyote itakavyomfaa aliyenayo. Lengo ni kuikaribia 21 kuliko dila bila kuipita. Ree ikiandamana na karata ya 10 katika mbili za kwanza, hiyo ndiyo blekijeki yenyewe, na huja takriban mara moja katika mikono 21, yaani migao 21.

Pesa anayoweka mchezaji kabla ya kugawiwa ni dau. Mezani dau haliwekwi kwa noti bali kwa vidude vya plastiki viitwavyo chipsi, na anayetoka Makoroboi mjini Mwanza akiwa na njaa asitegemee mayai juu yake. Mzaha kando, chipsi zina kazi yake: mkono unaosita kutoa noti ya 10,000 hausiti kusukuma kipande cha plastiki. Kwenye simu hata plastiki haipo, kuna salio tu.

Akishapata karata mbili, mchezaji anachagua. Anaweza kuomba nyingine, ambako ndiko kupiga hiti. Anaweza kubaki na alizonazo, na hilo huitwa stendi, ingawa halihusiani na mabasi ya Nyegezi. Anaweza kudabo, yaani kuongeza dau mara mbili kwa sharti la kupewa karata moja tu, jambo ambalo wazoefu hulifanya mara nyingi wakiwa na 11. Karata mbili zikilingana thamani, anaweza kuzigawa ziwe mikono miwili, na mkono wa pili unadai dau lake. Akilingana na dila ni sare, dau linarudi.

Akipita 21 anachanika. Neno hilo limeazimwa kwa wabeti wa mpira na mikeka yao, na linafaa, maana kinachochanika hakishonwi. Aliye na 16 bila ree akiomba karata, basi katika aina 13 za karata, 8 zinamchana: kuanzia 6 kwenda juu, ree ikibaki nje.

Hapa ndipo faida ya kasino ilipojificha, na ajabu ni kwamba haina neno lake mezani. Dila hana uamuzi wowote. Kanuni inamlazimu kuchukua karata mpaka afike 17. Anachanika takriban mara 28 katika 100. Lakini mchezaji ndiye anayetangulia kucheza, na akichanika dau lake linachukuliwa papo hapo, hata kama baadaye dila naye atachanika. Wote wawili wamepita 21 ileile, mmoja tu amelipa.

Neno linalodanganya kuliko yote ni bima. Mfanyabiashara wa Mwanza anaijua bima ya gari na ya afya, hivyo akilisikia anatulia. Dila hufunua karata yake moja na kuificha ya pili; iliyofunuliwa ikiwa ree, huuliza nani anataka bima, yaani dau la pembeni la nusu ya lile la kwanza, linalolipa mara mbili iwapo karata iliyofichwa ni ya 10. Hesabu yake haina siri. Ukiiondoa ree hiyo kwenye pakiti, zinabaki karata 51, na 16 tu ndizo za 10. Anayekata bima ya shilingi 5,000 mara 51 atarajie kupata 160,000 na kupoteza 175,000. Hiyo bima hailindi kitu. Ni kamari ya pili juu ya ya kwanza.

La kusomwa kabla ya kukaa ni maandishi ya malipo. Meza ya 3 kwa 2 hulipa 15,000 kwa blekijeki ya dau la 10,000. Meza ya 6 kwa 5 hulipa 12,000. Asiyejua huona 6 ni kubwa kuliko 3 akafurahi.

Wapo waliojaribu kuipindua hesabu. Mwaka 1962 mwanahisabati wa Marekani, Edward Thorp, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba anayekumbuka karata zilizokwisha kutoka anaweza kuishinda kasino. Kasino zikajibu kwa kuchanganya pakiti nyingi pamoja. Anayeuziwa leo "siri ya 21" kwa ujumbe wa simu ananunua kitu ambacho kasino zilishakijua zamani.

Nchini, michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Karata tatu zinazochezeshwa juu ya boksi pembeni mwa kituo cha mabasi hazimo humo. Kule hakuna asilimia ya kukokotoa: karata inayotafutwa imeshahamishwa kwa ufundi wa vidole, na yule jamaa anayeshinda mfululizo mbele ya umati ni mwenzao wachezeshaji.