Kwa shangazi upite siku ya kurudi

Mwalimu mmoja wa Ilembula ameniandikia kwamba amechoka na madaftari, anataka kisiwa chenye utulivu, na Zanzibar haitaki kwa sababu kila aliyetoka huko amerudi na madeni yanayomnyima usingizi.

Nenda Mafia, mdogo wangu. Ila usiende Juni. Najua Juni Ilembula baridi inauma na joto la pwani linaita, lakini huo ni msimu wa kusi, bahari inachafuka, na wewe uliyekulia milimani utatapika njia nzima. Subiri Desemba. Wakati huo watu wa Dar wanapanda kuja nyumbani kula Krismasi, wewe unashuka, kwa hiyo siti Makambako hukosi. Tiketi ya kurudi Januari ndiyo uikate mapema, maana hapo mtagombania wote.

Sasa sikiliza penye mtego. Magari ya Nyamisati, kwenye boti za Mafia, unayapandia Mbagala. Na Mbagala ndiko aliko shangazi. Ukisema ngoja nilale kwake usiku mmoja tu, tena umebeba kiroba cha viazi cha kumpelekea, likizo imekwisha. Utamenya viazi hivyohivyo, utaogesha watoto, utapelekwa kitchen party ya mtu usiyemjua, na siku ya nne utaambiwa Mafia ipo tu, haihami. Viazi vitume kwa basi. Lala gesti. Shangazi umsalimie ukirudi, ukiwa na nguvu za kumenya.

Nyamisati uliza mapema boti inatoka saa ngapi, kwa kuwa kule deltani mambo huenda na maji. Kula kidogo, vaa jaketi la kuokolea, na boti ikijaa kupita kiasi shuka, hata kama nauli umeshalipa.

Kilindoni ndiyo mji, na gesti zake ni za mfuko wa mwalimu. Hoteli za Utende nyingi ni za bei kali, waachie wenyewe. Utende na Chole zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa 1995. Kuna kiingilio, na Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA kisibaki nyumbani. Chole unavuka kwa mashua dakika chache. Hakuna magari. Kuna magofu, na kuna popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa bila kuulizwa wanafanya kazi gani. Mimi nawaonea wivu.

Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, papa potwe husogea karibu na Kilindoni. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni vijidudu vya majini, hana haja na wewe. Kama hujui kuogelea, mtazame ukiwa botini. Picha ya Instagram haina thamani ya roho yako. Beba chandarua na dera, watu wa kule ni Waislamu wastaarabu, kaptula fupi iache ufukweni.

Limebaki la mama. Kwetu mtu husafiri kwa msiba, harusi au matibabu, kwa hiyo atakuuliza nani amefariki huko Mafia. Mwambie hakuna. Akiuliza tena, mwambie hakuna, kisha umuulize mbolea ya mahindi imefikia bei gani mwaka huu. Hapo atahama mwenyewe.