Mwanamke Asiyeonekana: Kitenzi, Ukoo na Jina katika Uandishi wa Kiswahili Mtandaoni

1.0 Utangulizi

Mwaka 1950 mwanahisabati Mwingereza, Alan Turing, alichapisha katika jarida la Mind makala ambayo hutajwa kila panapojadiliwa akili ya mashine. Lisilotajwa sana ni kwamba mchezo alioanzia haukuwa na mashine ya kushindana. Ulikuwa na mwanamume, mwanamke, na mwulizaji aliyetengwa nao katika chumba kingine. Mwulizaji alitakiwa abainishe ni yupi mwanamke kwa kusoma majibu yaliyopigwa chapa tu, huku mwanamume akijitahidi kumpotosha. Swali la jinsia ya mwandishi asiyeonekana, basi, limeutangulia mtandao wa kompyuta kwa miaka mingi.

Katika makala haya tunaliuliza swali hilo kwa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili, ambacho sarufi yake ya upatanisho haibagui mke na mume, humfichua mwanamke mahali pengine: katika kauli ya kitenzi na katika msamiati wa ukoo. Kwa sababu hiyo jina la kubuni, ambalo ndilo kinga ya kwanza ya mwanamke anayeandika mambo mazito mtandaoni, ni kinga pungufu kuliko inavyodhaniwa. Mifano ya sentensi iliyomo humu tumeitunga wenyewe. Sababu ya kufanya hivyo itaonekana katika sehemu ya mwisho.

2.0 Swali la Sarufi ya Wengine

Hadi katikati ya mwaka 2008 mtumiaji wa Facebook aliweza kuiacha wazi sehemu ya jinsia, na mfumo ukamtaja kwa kiwakilishi cha wingi cha Kiingereza. Mwezi Juni mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba ingewataka watumiaji wachague. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiisimu: tafsiri katika lugha nyingine zilikuwa zikiharibika pale jinsia ya mtu isipojulikana. Mwaka uliofuata lilifunguliwa toleo la Kiswahili, likiwa limefasiriwa na watu waliojitolea. Mtumiaji wa Kiswahili naye akawa anaulizwa swali lilelile, ingawa sentensi kama "Amebadilisha picha yake" haihitaji jibu lake hata kidogo. Kiambishi a- na kimilikishi -ake humtosha kila mtu.

Hali kadhalika katika tafsiri za mashine. Ukiandika "Yeye ni daktari" na "Yeye ni muuguzi", hakuna katika sentensi hizo mbili kinachoonyesha jinsia. Hata hivyo programu zilizofunzwa kwa matini zilizokwisha kuandikwa zilizoea kumfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke pindi zilipoyageuza maneno hayo kuwa Kiingereza. Mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni ya Google ilianza kuonyesha tafsiri zote mbili, ya kiume na ya kike, kwa sentensi za Kituruki, lugha ambayo katika jambo hili inafanana na Kiswahili. Jinsia, kwa maneno mengine, ilipachikwa njiani. Mwandishi hakuwa ameitia.

Ni rahisi kuhitimisha kutokana na haya kwamba Kiswahili ni lugha isiyo na jinsia, na wako wanaolisema hilo kwa fahari. Hitimisho hilo ni la haraka mno.

3.0 Kitenzi na Ukoo

Tuangalie jozi ifuatayo:

(1) a. Nilioa mwaka juzi.
    b. Niliolewa mwaka juzi.

Viambishi vya nafsi na vya njeo ni vilevile. Tofauti iko katika kauli tu, na kauli hiyo inatosha kumwambia msomaji ni nani anayeandika. Katika Kiarabu, mwandishi asemaye kwamba amechoka hulazimika kuchagua umbo la kiume au la kike la kivumishi. Jinsia iko katika sarufi, na imetawanyika kote. Katika Kiingereza nafsi ya kwanza haisemi chochote, na kitenzi cha kufunga ndoa ni kimoja kwa wote wawili. Kiswahili kinasimama pembeni: kimya katika upatanisho wote, kisha ghafla kinasema katika kitenzi kimoja. Vivyo hivyo kuposa na kuposwa, kuacha na kuachwa. Mwanamke anaweza kuandika kurasa nyingi juu ya kazi, siasa au bei ya unga bila kujulikana, lakini akifika kwenye ndoa yake sentensi ya kwanza tu inamtoa nje.

Zipo njia za kukwepa. Mwandishi anaweza kusema "nilifunga ndoa", "tulioana", au akamwita mume wake "mwenzangu". Njia hizo zina gharama. Linganisha:

(2) a. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na sita.
    b. Nilifunga ndoa nikiwa na miaka kumi na sita.

Sentensi (2b) inamficha mwandishi, lakini inaficha pia jambo lenyewe. Katika (2a) kuna mtu mwingine aliyetenda, hata kama hatajwi; katika (2b) msichana wa miaka kumi na sita anaonekana kama aliyejiamulia. Mwanamke anayetaka kusimulia dhuluma ya ndoa ya utotoni kwa usalama analazimika kuiondoa dhuluma katika kitenzi. Tusiseme kwa hili kwamba kila kutendwa ni unyonge. Wapo wengi wasemao "nimeolewa" kwa majivuno, na msikilizaji huyasikia majivuno hayo. Suala letu ni kwamba uchaguzi wa usalama na uchaguzi wa ukweli vimegongana katika neno moja.

Msamiati wa ukoo una nguvu zaidi, kwa kuwa haumtegemei mwandishi kujieleza mwenyewe:

(3) Wifi alikuja alfajiri akachukua vyombo vyote vya marehemu.

Mwandishi wa (3) hajasema neno lolote juu yake mwenyewe. Hata hivyo, kwa matumizi ya kawaida, wifi ni dada wa mume au mke wa kaka anapotajwa na mwanamke. Mwanamume angesema shemeji. Msomaji ameshajua kwamba anayeandika ni mwanamke, na kwa kuwa anamtaja marehemu na vyombo vyake, anakisia pia kwamba ni mjane aliyeingia katika ugomvi wa mirathi. Katika mtaa mdogo ukisio huo unatosha kupata nyumba. Mke mwenza, mavyaa na kungwi ni maneno ya namna hiyohiyo.

Neno shoga linastahili kutajwa peke yake. Lilikuwa, na Unguja na Mombasa bado ni, jina ambalo mwanamke humwita rafiki yake wa kike, hivyo lilimtambulisha msemaji kama lilivyomtambulisha msemwa. Kadiri maana yake nyingine, ya mwanamume anayefanya mapenzi na wanaume, ilivyozidi kuenea, wanawake wengi wa Bara walilikwepa, na vijana wakajipatia shosti. Nafasi katika mfumo haikubaki tupu. Wanawake walihitaji neno la kuitana wao kwa wao, na lilipoharibika moja waliunda jingine.

4.0 Jina

Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake kwa ajili ya bintiye mwaka 1858, anajitaja mwishoni kwa jina, kwa baba na kwa mji wa Pate alikozaliwa. Huo ni utambulisho uliokamilika kwa desturi ya zama zake. Mwanamke anayejiita "Mama fulani" mtandaoni hufanya kinyume: anautangaza umama, lakini jina lake mwenyewe analiweka ndani. Si uvumbuzi wa kompyuta. Wanawake wa Afrika Mashariki wameitwa kwa majina ya watoto wao tangu zamani, na mkutano wa "mama" kumi unaweza kwisha bila yeyote kujua mwenzake alipewa jina gani na wazazi wake.

Kanga nayo hutajwa mara nyingi kama mtangulizi wa maandishi haya, na mlinganisho huo una kweli yake, ila unapaswa kugeuzwa. Maneno ya kanga, yaliyochapwa kwanza kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi, hayakutungwa na avaaye. Jirani anayehisi amesemwa hana ushahidi. Akilalamika ataambiwa ni nguo tu. Hapo mwili wa mwanamke unaonekana na utunzi haujulikani ni wa nani. Mtandaoni utunzi ni wake bila shaka, na mwili ndio usiojulikana. Kanga humkinga kwa kumwezesha kuyakana maneno. Jina la kubuni humkinga kwa kumwezesha kujikana mwenyewe, na huko ndiko kitenzi na wifi vinakomvizia.

Kujikana huku kuna athari nyingine. Mwaka 2011 ilibainika kwamba mwandishi mashuhuri wa mtandaoni aliyejulikana kama msichana wa Damascus alikuwa Tom MacMaster, mwanamume Mmarekani aliyekuwa akisoma Edinburgh, na kwamba picha alizotumia zilikuwa za mwanamke wa London asiyehusika. Hasara ya udanganyifu huo iliwaangukia wanawake waliojificha kwa sababu za kweli, kwani tangu hapo ilikuwa rahisi zaidi kuwadai ushahidi wa uanamke wao, ushahidi ambao kuutoa ni kujifichua.

5.0 Mtafiti na Data Yake

Sheria zimelitazama suala la jina kwa upande mmoja. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na kanuni za mwaka 2020, ziliwataka wenye blogu wajisajili na kulipa ada zilizofikia takriban shilingi milioni 2. Mbali na ada, fomu ya usajili haijazwi kwa jina la kubuni. Nchini Kenya, sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni na usambazaji wa picha za faragha. Anayetaka hifadhi yake, hata hivyo, sharti ajitokeze.

Lililo mikononi mwetu ni jingine. Katika tasnifu zinazotumia data za mtandaoni imekuwa kawaida kubadili jina la mwandishi, kisha kunukuu sentensi yake neno kwa neno. Atakayeiandika sentensi hiyo katika mtambo wa kutafuta anaweza kuufikia ukurasa wenyewe kwa dakika moja. Hata ukurasa ukiwa umefutwa, sentensi ya aina ya (3) inaweza kumtambulisha mjane huyo kwa wifi yake, ambaye ndiye msomaji wa kuogopwa kuliko wote. Kuifasiri kwa Kiingereza hakutoshi, kwa sababu tafsiri inaweza kugeuzwa tena, na kufupisha maudhui kunampokonya mwanaisimu umbo analolichunguza. Anayelihitaji neno wifi lenyewe, katika sentensi yake halisi, amtafute aliyeliandika na kumwomba ruhusa baada ya kumweleza nani watasoma. Asipompata, au akikataliwa, atunge sentensi yake na kusema waziwazi kwamba ameitunga.